Fisi wale niliwaita mwenyewe

Mwezi wa nne mwaka ule, masika yakiwa yamekolea, nilipoteza mbuzi saba kwa usiku mmoja. Nafuga Simanjiro, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, na kila mfugaji wa huku anajua mvua zikianza nyumbu na pundamilia hutoka hifadhini wakaja kuzaa kwenye mbuga zetu. Wanaowawinda huja nyuma yao. Kwa hiyo kuona nyayo za fisi karibu na zizi haikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa kukuta saba wamelala damuni, wawili tu ndio walioliwa, na mke wangu amesimama mlangoni mwa zizi kashika kibuyu cha maziwa asijue pa kuanzia.

Hasira ya asubuhi kama ile haina mwalimu. Ilipofika jioni tulikuwa watatu, mimi na vijana wawili wa jirani, na tulikuwa na mpango. Mmoja wao alirekodi kwa simu kilio cha kitoto cha mbuzi aliyefungwa mbali na mama yake. Tukaiunganisha simu na spika ndogo ya kuchaji, tukaiweka juu ya kichuguu, mwendo wa dakika kumi kutoka bomani, nasi tukajibanza nyuma ya kichaka na mikuki na tochi. Tulikuwa tumesikia kwamba hata watafiti huita fisi na simba hivyo hivyo. Ni kweli. Serengeti na Masai Mara wamewahi kuwahesabu kwa kupiga kwenye vipaza sauti kilio cha ndama wa nyati au kelele za fisi wanaogombea mzoga, kisha kuhesabu wanaotokea. Lakini mtafiti hukaa ndani ya gari, wala hapigi sauti ile karibu na nyumba ya mtu.

Hazikupita dakika kumi na tano. Tulikuwa tumeelekeza macho korongoni, maana ndiko tulikoziona nyayo. Fisi hakuja kwa huko. Fisi akisikia kilio hakiendei moja kwa moja, huzunguka mpaka upepo umletee harufu ya kilichopo. Basi walikuja kutoka nyuma yetu, upande wa bomani, watano au sita, na tulipowasha tochi wa karibu alikuwa hatua nane kutoka kwa kijana mdogo kuliko sote. Mkuki mmoja ulirushwa. Ulimpata mmoja ubavuni, akakimbia nao hatua chache, ukaanguka, naye akatokomea gizani.

Kesho yake watoto walipaswa kupeleka mbuzi malishoni kwenye korongo lile lile alikokimbilia fisi aliyejeruhiwa. Nilikwenda mimi badala yao siku kumi mfululizo, na kila nilipopita kwenye kichaka kizito nililipa gharama ya mkuki ule kwa mapigo ya moyo. Hatukumpata. Wala sina namna ya kusema kama alikuwa mmoja wa walioingia zizini mwangu au alikuwa mpita njia aliyesikia chakula kinalia. Na usiku tisa baada ya hapo walirudi, wakazunguka boma mpaka alfajiri. Tulikuwa tumewafundisha kwamba upande ule kuna kitu kinalia na hakijapata mwenyewe.

Mzee mmoja jirani, rika la marehemu baba yangu, alikuja kutupa pole. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za mvua na za watoto. Kisha akasema, "Mwanangu, ile simu uliipiga usiku wa pili. Usiku wa kwanza uliwaita kwa nini?"

Nikamwambia, "Baba, usiku wa kwanza sikuita mtu."

"Vitoto ulivilaza wapi?"

Hapo nikanyamaza. Wiki ile nilikuwa nimeanza kutenga vitoto na mama zao usiku ili asubuhi tupate maziwa, na kibanda chao nilikuwa nimekijenga pembezoni kabisa, kimeegemea ua wa miiba. Walilia usiku kucha. Mama zao waliwajibu usiku kucha. Na siku mbili kabla, mbuzi jike alikufa kwa kuzaa, nami nikamburuta nikamtupa korongoni, hatua kama mia na hamsini. Mzee hakuniuliza zaidi. Tulichokifanya kwa spika kwa robo saa, mimi nilikuwa nimekifanya kwa zizi zima kwa siku tano.

Nimeandika haya kwa sababu kila masika napigiwa simu na vijana wanaouliza namna ya kumwita fisi wamuue. Jibu langu ni kwamba uanze kwa kutafuta kinachomwita tayari.

Vitoto ndio wa kwanza. Ukivitenga kwa ajili ya maziwa, viweke katikati ya boma, karibu na nyumba unayolala, ndani ya kibanda chenye paa na ukuta usioonyesha nje. Vikiwa karibu na mama zao kiasi cha kunusana, kelele hupungua sana. Sisi sasa tunatenga saa chache za alfajiri badala ya usiku mzima. Maziwa yamepungua kikombe au viwili, na sijawahi kuvijutia.

Mizoga ifuatie. Usitupe mzoga korongoni, wala kondo la nyuma, wala matumbo ya mbuzi wa sikukuu. Chimba shimo refu, au choma. Fisi ananusa mbali, na akishapata chakula mahali mara mbili, ameandika ratiba. Watu hudhani fisi ni mla mizoga tu, ndiyo maana wanaona kumtupia mzoga ni kumshibisha asije. Fisi madoa ni mwindaji kamili, anayeweza kumkimbiza nyumbu mpaka amchoshe. Mzoga haumshibishi akaondoka, unamleta akakuta na wengine.

Jioni hesabu mbuzi kabla jua halijazama. Mbuzi mmoja aliyebaki porini atalia, na kilio chake kitaleta wageni ambao wakimmaliza yeye watafuata njia ya kundi. Kama huwezi kuhesabu wote, wajue viongozi na wenye kuchelewa, mwangalie kwanza jike mwenye mimba kubwa na yule mwenye kwato mbovu.

Kabla hujatengeneza ua, hakikisha unajua ni nani aliyekuja. Nimewaona watu wakiinua ukuta dhidi ya chui kumbe walivamiwa na fisi. Unyayo wa fisi unaonyesha kucha, na wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Wa chui ni wa mviringo na kwa kawaida hauonyeshi kucha. Fisi hupenya chini au husukuma miiba, hurarua tumbo na mapaja, na kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya mifupa aliyotafuna. Chui huruka juu, huua kwa kuuma koo au shingo, na mara nyingi huondoka na mnyama wake, pengine ukamkuta juu ya mti. Simba hana haja ya kuingia kila mara. Huwatisha ng'ombe kwa harufu na mngurumo mpaka wao wenyewe wavunje zizi na kumfuata nje. Na kama vitoto vinapotea mchana mmoja mmoja bila fujo, mtazame bweha.

Dakta Bernard Kissui, Mtanzania aliyewachunguza simba wa Tarangire kwa miaka mingi, alionyesha kwamba katika nyika hii ya Wamasai fisi na chui hushambulia zaidi usiku bomani, wakilenga mbuzi, kondoo na hata mbwa, ilhali simba huwapata ng'ombe sana wakiwa malishoni. Ndivyo tunavyoona sisi pia. Maana yake ni kwamba mwenye mbuzi aweke nguvu zake kwenye zizi la usiku, na mwenye ng'ombe asimtume mtoto wa miaka minane peke yake na kundi zima.

Ua wa matawi ya miiba tuliourithi ni mzuri ukiwa mpya. Baada ya miezi michache mchwa wameula chini, mvua imeulaza, na shimo la fisi kupita halihitaji kuwa kubwa. Kilichoniokoa mimi ni ukuta hai. Unakata matawi manene ya osilalei, mti ule wenye kunukia ambao fimbo yake ukiichomeka ardhini huchipua, unayapanda yakikaribiana kuzunguka zizi, kisha unafunga wavu wa waya juu yake. Mti unaota mizizi, unanenepa, unaushika wavu. Kila mwaka ua unakuwa imara kuliko mwaka uliotangulia, na huhitaji tena kukata migunga kila msimu. Shirika la Tanzania People & Wildlife lenye kituo chake Loibor Siret limesaidia familia nyingi za Simanjiro kujenga kuta hizi, kwa mpango ambao mfugaji naye huchangia. Wavu uzikwe chini kidogo, au upange mawe makubwa kuuzunguka, maana fisi huchimba.

Mlango ndio unaosahaulika. Watu hununua wavu wa fedha nyingi kisha mlangoni wanasukumia tawi la mgunga! Mbuzi wangu saba walifuatwa kupitia mlango. Weka mlango wa mbao au bati wenye komeo, na uhakikishe chini haupiti mkono wako.

Taa husaidia, kwa sharti zisikae kama nyota. Huko Kitengela, kando ya Hifadhi ya Nairobi, kijana Richard Turere akiwa na umri wa miaka kama 11 aligundua kwamba simba hawakaribii anapotembea na tochi, ila taa iliyotulia hawaijali. Akaunganisha balbu za tochi na betri ya gari na sola, zikawa zinawaka kwa kupokezana kama mtu anayetembea. Siku hizi taa za sola za namna hiyo zinapatikana kwa mafundi mijini. Zihamishe kila baada ya wiki kadhaa, wanyama huzoea. Mbwa nao ni kengele, hawamzuii fisi. Mbwa wawili wenye kelele, waliochanjwa kichaa, wanakutosha kukuamsha. Ukiamka, toka ukiwa na mwanga na watu, pigeni mabati na kelele. Usitoke peke yako.

Sasa kuhusu kuua. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inamtambua mtu anayejitetea au kutetea mali yake dhidi ya mnyama aliyemvamia, naye anapaswa kutoa taarifa. Kukaa gizani na spika umwite mnyama umchome ni uwindaji, na uwindaji bila kibali ni kosa. Sisi watatu tulikuwa na bahati kwamba hatukufa na hatukufungwa. Majirani zetu wa Kenya wamepiga marufuku uwindaji tangu 1977. Marekani wafugaji wa kondoo huwaita koyoti, mnyama wa kule wa jamii ya mbwa, kwa filimbi inayoiga kilio cha sungura, na wanaofanya hivyo husema wenyewe kwamba koyoti aliyeitwa akaponea haitiki tena. Fisi ni hivyo hivyo, hujifunza. Ukimkosa mmoja umepata adui anayejua ujanja wako. Ukimpata asiye na hatia, aliyekula mbuzi wako bado yupo.

Sumu ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inauzwa dukani kama dawa ya wadudu na mtu mwenye uchungu anaipaka kwenye mzoga akidhani atampata mmoja. Desemba 2015 simba wa kundi la Marsh huko Masai Mara walilishwa sumu baada ya kuua ng'ombe. Mwaka 2018 karibu na Ruaha walikutwa simba sita na tai zaidi ya sabini wamekufa kwa sumu. Fikiria tai wale. Ndio wanaomaliza mizoga mchana kabla fisi hajaifikia usiku, na mbwa wako anakula kule kule, na mtoto wako anashika kule kule.

Mnyama akizidi, akiwa anarudi hata baada ya kutengeneza ua, au akiwa amejeruhiwa na hawaogopi watu, huo ni wakati wa askari wa wanyamapori. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, naye awasiliane na ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Weka namba zao kwenye simu leo, kabla hujazihitaji. Ukivamiwa, usisogeze mizoga kabla ya kupiga picha za jeraha, nyayo na mahali alipopenyea, na uite shahidi. Kwa mifugo kuna kifuta jasho, kwa mtu aliyejeruhiwa au kufa kuna kifuta machozi. Fedha yenyewe ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya mbuzi mnadani, na mimi nilisubiri muda mrefu, lakini taarifa ikiandikwa inabaki kumbukumbu kwamba sehemu hii ina tatizo, na ndiyo inayowaleta askari haraka safari ijayo.

Kama umemjeruhi au kumkuta amekufa, usimguse kwa mikono mitupu. Fisi na bweha huweza kuwa na kichaa, na akikuuma au mate yake yakiingia kwenye kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano kisha uende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, hata kidonda kikiwa kidogo kama mkwaruzo.

Masika yajayo yakikaribia nitafanya ninachofanya kila mwaka. Mara baada ya mvua ya kwanza nazunguka ua jioni na mwanangu mkubwa, yeye akiwa nje na mimi ndani, tukisukuma kila nguzo. Kisha tunazima kila kitu, tunakaa kimya kama nusu saa na kusikiliza zizi letu linavyosikika kutoka nje.