Masasi ya kaka, minerval ya batoto

Yaya, nimesoma vile unauliza: kaka yako wa kule Texas, mwenye anawindaka, hajatuma minerval (makuta ya masomo ya batoto) mwezi huu juu amenunua maboksi ya masasi ya bunduki, anasema itaisha kwa maduka. Hakudanganyi, inaishaka kweli. Mwaka 2020 wakati wa korona FBI, polisi ya serikali ya Amerika, ilifanya uchunguzi karibu milioni 39.7 juu ya batu benye walitaka silaha, rekodi; silaha mingi inaomba masasi mingi, na viwanda vikashindwa kufuata sababu masasi si fufu, inaomba shaba, baruti na kale kafataki ka kuwashia, na mashine mupya haisimamiki kwa mwezi moja. Mwaka 2013 hata ile ndogo ya .22 ya kupigia sungura ilikosekanaka.

Lakini hii mambo wee unaijua kumushinda. Barabara ya Sake, yenye inaletaka makala (makaa ya kupikia) Goma, ikifungwa kidogo tu, mama mwenye alikuwa anataka gunia moja ya makala anabeba tatu, jioni bei imepanda na mwenye hana kitu analala bila moto. Mimi nilijazaka makala mpaka kwa chumba ya kulala (bwana alinicheka wiki muzima), kisha bei ikashuka.

Mwambie ahesabu masasi anatumiaka kwa msimu moja wa kuwinda, aongeze boksi mbili, abakie hapo, na asinunue kwa wale banauzisha mara tatu. Minerval atume kwanza, juu prefe (mukubwa wa masomo) hatangoja, batoto batafukuzwa mbele hata ya swala moja kupigwa kule Texas.