Maswali ya Wasomaji: Tutie Saini au Tusitie?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake mkoani Tanga, chenye Waislamu na Wakristo, ambacho hukopeshana fedha na kufundishana sheria za ndoa na mirathi. Hivi karibuni mwenzetu mmoja alileta waraka uliosambazwa kwa simu, unaotutaka tutie saini kupinga hukumu ya mwanamke wa nchi ya mbali aliyehukumiwa kwa jina la dini. Waislamu walikataa wakisema kuwa waraka huo unautukana Uislamu, na Wakristo wakawaona wenzao kuwa wanaunga mkono ukatili. Sasa hata kwenye vikao watu hawafiki. Tufanyeje? (Katibu, Tanga)

JIBU: Dada Katibu, wenzako waliokataa kutia saini wasihesabiwe kuwa wasaliti, kwa sababu jambo la namna hii liliwahi kuwagawa wanaharakati wa mabara mbalimbali, na waliosema "acheni kwanza" ndio hasa waliokuwa wakimtetea mhukumiwa mahakamani.

Machi 2002, mahakama ya sharia ya Bakori, katika jimbo la Katsina kaskazini mwa Nigeria, ilimhukumu Amina Lawal apigwe mawe hadi kufa kwa kosa la zinaa, kwa kuwa alizaa ilhali alikwisha kuachwa na mumewe. Mwanamume aliyetajwa kuwa baba wa mtoto alikana, akaachiwa. Majimbo ya kaskazini yalikuwa yameanza kuingiza adhabu za sharia katika sheria za jinai, Zamfara likitangulia, na wanasiasa walijua vyema kwamba uchamungu wa jukwaani huleta kura. Mashirika ya wanawake ya Nigeria, yakiwemo BAOBAB na WRAPA, yalisimama upande wa Amina, na rufaa ikakatwa ndani ya mahakama zilezile za sharia.

Mawakili wake, Hauwa Ibrahim akiwa mmoja wao, hawakwenda kuwaambia majaji kwamba sharia ni ushenzi. Walikwenda na fikihi ya Maliki mkononi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu kwa madhehebu yanayofuatwa huko: kwamba kesi kama ile ilipaswa kusikilizwa na majaji watatu wala si mmoja, kwamba mshtakiwa ana haki ya kufuta ungamo lake, kwamba hakupewa nafasi ya kutosha ya kujitetea, na hata kwamba wanazuoni wa madhehebu hayo hukubali mimba kulala tumboni kwa muda unaoweza kufika miaka mitano, hivyo mtoto angeweza kuwa wa mume aliyemwacha. Hoja hiyo ya mwisho humchekesha daktari, lakini mbele ya majaji wale ilikuwa na maana kuliko rundo zima la saini kutoka ng'ambo. Tarehe 25 Septemba 2003, Mahakama ya Rufaa ya Sharia ya Katsina ilimwachia huru, majaji wanne wakikubali na mmoja akipinga.

Miezi michache kabla ya hapo, barua za kumtetea zilipokuwa zikimiminika kutoka kila pembe, Ayesha Imam na Sindi Medar-Gould wa BAOBAB waliandika kuomba kampeni hiyo isitishwe. Walieleza kuwa barua nyingi zilikuwa na habari za uongo, zikidai kwamba Mahakama ya Juu ya Nigeria imekwisha kuithibitisha hukumu na tarehe ya kumuua imepangwa, ilhali rufaa ilikuwa ingali mahakamani jimboni. Na uongo huo ungewavunjia heshima wao, wanaobaki pale baada ya dunia kusahau. Walikumbusha pia kisa cha msichana wa Zamfara aliyechapwa viboko 100 Januari 2001, kabla rufaa yake haijasikilizwa, serikali ya jimbo ikitaka kuonyesha kuwa haitishwi na wageni. Hawakusema kuwa barua hazifai kamwe. Walitaka wenye kesi waulizwe kwanza, na msaada waliouhitaji zaidi ulikuwa wa kugharimia kazi ya kisheria.

Kwa hiyo, dada, urudishe ule waraka kikaoni usomwe kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, na Waislamu waonyeshe maneno yanayowaudhi. Mkiyaondoa, tazameni kama kuna ombi linalobaki. Kisha ulizeni nani ameuandika, kama mwanamke huyo ana wakili, kama rufaa imekatwa, na kama shirika lolote la kwao limeomba saini hizo. Msipopata jibu, msitie saini. Mkipata, liandikieni shirika hilo moja kwa moja, na barua iandikwe na Mwislamu na Mkristo pamoja.

SWALI: Kwa nini kila mjadala wa misimamo mikali ya dini huishia kwa Waislamu? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Kwa uvivu, nadhani, maana misimamo ya namna hiyo imo hata kwa Wakristo. Kabla ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu, uliofanyika Cairo mwaka 1994, Vatikani ilitafuta uungwaji mkono wa serikali za Kiislamu, ikiwemo Iran, ili kupinga vipengele vya afya ya uzazi. Nchini Ireland, kifungu cha kupinga utoaji mimba kilichoingizwa katika katiba mwaka 1983, kwa msukumo wa vikundi vya Kikatoliki, kilidumu hadi kura ya maoni ya mwaka 2018, na miongoni mwa walioathirika alikuwa Savita Halappanavar, Mhindu aliyefariki hospitalini Galway mwaka 2012 baada ya kunyimwa huduma hiyo mimba yake ilipokuwa ikiharibika.