Jibu: Zaka na matunzo ya mama mzee

Ndugu yangu, umeuliza iwapo Mkristo anayetoa zaka kikamilifu bado anadaiwa matunzo ya mama yake mzee, ilhali Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaelekeza wasiojiweza waliofikisha miaka 60 watibiwe bure. Anadaiwa, na kwa maoni yangu jibu limo katika Marko 7, ambapo Yesu anawakemea waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, wasije wakawasaidia wazazi wao. Hapa Tanga nilimsindikiza hospitali bibi mmoja wa usharika wetu anayeishi Ngamiani: kumwona daktari hakulipa kitu, lakini dawa ya presha ilikuwa imekwisha, akaandikiwa akanunue nje, naye kwenye pindo la kanga alikuwa na shilingi 2,000 tu, nauli ya kurudi ikiwa humo humo. (Mwanawe, nasikitika kusema, ni mzee wa kanisa.) Zanzibar imekuwa ikitoa pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi tangu 2016, huku Bara bado hatuna, na sioni ubaya makanisa yakiidai waziwazi. Kwa sasa mnunulie mama dawa za mwezi huu, kisha ukazungumze na mchungaji wako kuhusu zaka.