Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Pembe za Viraka Hazikutani?

SWALI: Ninashona mfarishi wangu wa kwanza wa viraka, na nimeanza na bloku ya miraba tisa, yaani kipande kimoja cha mfarishi kilichoundwa kwa safu tatu za miraba mitatu mitatu. Kila mraba niliukata inchi 3½ kwa uangalifu, nikitarajia bloku itoke na inchi 9½ kabla ya kuunganishwa na nyingine. Imetoka inchi 9¼, na pembe za miraba hazikutani. Je, nikate miraba mikubwa zaidi?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, usiiongeze miraba ukubwa, kwa maana vipimo ulivyokata ni sahihi, tatizo limo katika upana wa mshono. Kila safu ina mishono miwili, nawe umepungukiwa na robo inchi, kwa hiyo kila mshono umekula thumni ya inchi kupita kiasi. Thumni hiyo hugawanywa kati ya vitambaa viwili vinavyoshonwa pamoja, yaani sindano ilipita ndani zaidi kwa milimita moja na nusu hivi. Kosa dogo kiasi hicho halionekani katika gauni, lakini katika viraka hujirudia mshono kwa mshono, na ndiyo maana huwasihi wanaoanza waurekebishe mshono wao kwa vitambaa vya mabaki kabla ya kugusa kitambaa cha kazi yenyewe.

Mshono wa viraka hupita robo inchi kutoka ukingoni, tena upungue kwa unene wa uzi mmoja au miwili, kwa kuwa kitambaa kinapokunjuliwa na kupigwa pasi, ule mkunjo nao huchukua nafasi. Usiutegemee ukingo wa mguu wa cherehani kabla ya kuupima. Kata vipande vitatu virefu vyenye upana wa inchi 1½, uviunganishe ubavu kwa ubavu, uvipige pasi, kisha upime kile cha katikati: kikiwa inchi 1 kamili, mshono wako ni sahihi, kikiwa chembamba zaidi, unashona ndani mno. Ukishapata mahali panapofaa, bandika utepe wa gundi juu ya bamba la cherehani, ili ukingo wa kitambaa upate mwongozo.

Ama pembe, hizo hukutanishwa na pasi. Laza mishono ya safu ya kwanza na ya tatu kuelekea nje, na ile ya safu ya pili kuelekea ndani. Utakapoziweka safu mbili uso kwa uso, utahisi kwa kidole gumba na cha shahada matuta mawili ya mishono yakisukumana mpaka yaumane bila kuacha pengo. Hapo ndipo pa kuchoma pini. Pasi yenyewe uiinue na kuishusha, usiiburute, kwani kuburuta huvuta kitambaa na kuharibu vipimo vyote.

SWALI: Pembetatu zangu huvutika na kupinda kabla sijazishona. Nifanyeje?

JIBU: Ukingo uliokatwa mshazari haufuati nyuzi za mtande (zinazokwenda urefu wa kitambaa) wala za mshindio (zinazokwenda upana wake), hivyo huvutika kwa urahisi. Dawa yake ni kushona kwanza na kukata baadaye. Ikiwa unataka mraba wa pembetatu mbili utakaoonekana inchi 3 ndani ya bloku, chukua miraba miwili ya rangi tofauti, kila mmoja inchi 4, uiweke uso kwa uso, uchore mstari kutoka pembe hadi pembe, ushone robo inchi kila upande wa mstari huo, kisha ukate juu ya mstari wenyewe. Utapata vipande viwili kwa mkupuo. Wapo wanaokata inchi 3⅞ ili wasihitaji kupunguza. Mimi napendelea 4, kwa kuwa ziada hiyo ndogo hukuruhusu kusahihisha mpindo wowote uliojitokeza. Laza mshono upande wa kitambaa chenye rangi iliyokolea, weka mstari wa digrii 45 wa rula sawasawa juu ya mshono, na upunguze pande zote hadi upate inchi 3½, kabla hujakiunganisha kipande hicho na jirani yake.