Hela kwanza, halafu sinema

Jumatatu asubuhi, nikiwa nimesimama kwenye daladala ya Tabata huku mkoba wa mtu ukinichoma mbavuni, ikaingia meseji: "Dada, shikamoo. Naona kila mwisho wa mwezi mnatoka. Mnaenda sinema, mnakula, mnapiga picha mnacheka. Sisi kundi letu lina watu 19 na tangu Januari hatujatoka hata mara moja. Kila siku ni mipango tu. Mnafanyaje?"

Nilicheka peke yangu mpaka konda akanitazama. Mdogo wangu, ungeniuliza swali hilo miaka mitatu iliyopita ningelia.

Nianze kwa kujisifu kidogo, nimeteseka vya kutosha kuipata haki hiyo. Jumamosi iliyopita tuliosema tunakuja tulikuwa sita, na tuliofika tulikuwa sita. Saa 8 mchana tupo mezani tunakula. Saa 10 na nusu tumeketi ukumbini Mlimani City, taa bado hazijazimwa, kila mtu na bisi zake. Jumapili jioni tukakutana tena Coco Beach kwa mihogo. Hakuna aliyedai wala aliyedaiwa. Aliyenuna ni mmoja tu, na alinuna kwa sababu hakupenda filamu ilivyoisha.

Kama huoni ukubwa wa jambo hilo, basi hujawahi kuwa admini wa kundi la wasap Dar es Salaam.

Sasa turudi kwenye Jumamosi nyingine, ya miaka mitatu iliyopita.

Kundi lilikuwa na watu 14. Wazo lilikuwa langu. Ofisini nilikuwa nimepanda kidogo, nimetoka kwenye kukimbiza makaratasi bandarini nikawekwa mezani kuyaandaa, na nikataka watu wangu tufurahi pamoja. Nikaandika: Jumamosi tunaenda sinema, tukitoka hapo chakula, Jumapili ufukweni. Ndani ya dakika kumi kundi limewaka emoji za moto. "Tupo!" "Niandike!" "Hii ndiyo ya kwetu sasa!" Ukinijumlisha na mimi tukawa tisa. Nikanunua tiketi tisa kwa hela yangu, nikaandika "mtanirudishia mkifika."

Maneno hayo mawili yashike, tutayarudia.

Filamu ilikuwa saa 12 na robo jioni. Saa 12 kamili tupo wanne. Nikapiga simu ya kwanza. "Nipo Mwenge hapa, nakata kona." Nyuma ya sauti yake nikasikia kopo likigonga ndoo. Mtu anaoga! Wa pili akanitajia foleni ya Ubungo, na mimi siku hiyo hiyo nilikuwa nimepita juu ya daraja la Ubungo, lile lililofunguliwa 2021, barabara nyeupe. Wa tatu, wa Kigamboni, alisema pantoni imechelewa. Huyo nilimsamehe, maana pantoni ni pantoni.

Tukaingia wanne. Wengine wakawa wanaingia mmoja mmoja gizani na tochi za simu, wanakanyaga watu, wanauliza kwa sauti "huyu ni nani? Kafanya nini?" Jamaa wa nyuma yetu alisema neno ambalo sitaliandika hapa. Wawili wa mwisho walifika majina yanapanda kwenye kioo. Tiketi zao ninazo mpaka leo ndani ya kava ya simu. Hawakulipa. Mmoja aliniambia, bila hata kupepesa macho, "lakini si sikuiangalia?"

Baba yangu mkubwa nikimsimulia habari hizi anatikisa kichwa. Enzi zao mjini kulikuwa na kumbi za sinema za Empire, Avalon, Odeon, watu wanavaa kama wanaenda harusini. Halafu kulikuwa na Drive-In, sinema ya kuangalia ukiwa kwenye gari, kule Msasani, mahali ulipo ubalozi wa Marekani siku hizi. Wao walikuwa wanapanga watoto nyuma ya pikapu, blanketi, sufuria ya pilau iliyofungwa kitambaa, chai kwenye chupa. Mnaangalia, mnakula, watoto wanalala humo humo. "Bili?" ananiuliza. "Bili ya nini?"

Bili, baba mkubwa. Nakuja.

Mahali tulipokwenda kula sipataji. Ni upande wa baharini, taa za njano zinaning'inia, viti havina mgongo. Ukumbini tulitoka tisa, mezani tukawa kumi na mmoja, kwa sababu wawili walikutana na "mtu wangu" hapo nje. Karibuni, karibuni. Menyu ikapita. Nikaona watu wanaagiza bila kuangalia upande wa kulia wa karatasi, kule kwenye namba, nikajiambia kumbe wenzangu wana hela.

Shoga yangu wa tangu kidato cha kwanza, niliyekuwa nikigawana naye andazi nusu kwa nusu mapumziko ya saa 4, aliagiza kamba wa kuchoma. Akala nusu. Nusu akaomba afungiwe. Mhudumu akamletea kiboksi cheupe, akakipokea kwa mikono miwili, akakilaza kwenye mkoba taratibu kama mtu anayelaza kichanga. Simu yake ikaita. "Shem wako yuko nje, ana haraka." Akanikumbatia, akaniambia nimependeza, akaondoka na harufu ya kitunguu saumu.

Nilikuwa nimependeza kweli. Hilo sikatai.

Ndipo kikaja kile kitabu cheusi. Kilizunguka meza nzima, kila mtu anakifungua, anakifunga, anamsogezea jirani. Kiliponifikia nikasoma: 386,000. Chini yake VAT asilimia 18, maana mwisho wa menyu kulikuwa na mstari wa herufi za sisimizi kwamba bei hazijajumuisha kodi. Jumla 455,480. Pakawa kimya mpaka nikausikia muziki wa pale kwa mara ya kwanza tangu tumefika.

Mmoja akasema yeye alikunywa maji tu. Mwingine simu imezima chaji, simu ile ile iliyokuwa ikipiga selfi dakika tano nyuma. Mwingine alitoa noti ya elfu kumi, akaiweka mezani, akawa anainyoosha kwa kiganja, anainyoosha tena, labda akiinyoosha sana itazaa. Baada ya saa nzima ya kuhesabu na kuhesabu upya zikapatikana 268,000. Zilizobaki, 187,480, nililipa mimi kwa lipa namba. Ilikuwa hela niliyokuwa nadunduliza ya kodi. Mwenye nyumba wangu anataka ya miezi mitatu kwa mkupuo, na yeye hajali nani amekula kamba.

Nilirudi kwa bodaboda saa 6 usiku, viatu mkononi.

Asubuhi kundi limejaa picha. "Jana ilikuwa moto!" "Lini tena wapendwa?" Nikaweka mchanganuo: jina, alichokula, alichotoa, anachodaiwa. Wakasoma wote, nikaziona tiki za bluu. Kimya. Baada ya nusu saa mtu akatuma picha ya ua, imeandikwa "Jumapili njema." Ufukweni hakwenda mtu.

Miezi mitano baadaye shoga yangu wa kamba akanitumia kadi ya mchango wa kitchen party yake. Marafiki wa karibu laki moja, usichelewe mpenzi. Niliiangalia ile meseji siku mbili. Siku ya tatu nikamjibu maneno matatu: "Toa kwenye kamba." Akasoma. Hajanijibu mpaka leo. Seti ya hotipoti niliyokuwa nimeshamnunulia ipo juu ya kabati langu, kwenye boksi lake, na kila Jumamosi nikifanya usafi naifuta vumbi. Watu wananiambia niitumie. Sitaki.

Haya, ushauri, maana najua ndicho mlichofuata.

Hela kwanza. Ahadi weka pembeni, emoji weka pembeni. Siku hizi tunapiga hesabu ya tiketi na chakula mapema, tunatangaza kiasi kimoja kwa wote, na mwisho wa kutuma ni Alhamisi saa 2 usiku. Aliyetuma yumo. Asiyetuma tunamtakia wikiendi njema na tunamaanisha. Tena hela haiji kwangu. Inakwenda kwa mwenzetu mmoja mwalimu wa hesabu, mtu asiye na aibu hata chembe. Ukimwambia "nitakupa kesho" anakuuliza saa ngapi. Mimi nina moyo wa siagi, ningeanza kuwakopesha tena.

Idadi nayo. Sita, basi. Bajaji moja inabeba watatu, mbili zinatosha, na meza ya watu sita ipo kila mahali bila kuunganisha unganisha. Mkifika nane mnaanza kugawanyika, upande huu wanazungumza yao, upande ule yao, na pale katikati ndipo anapokaa mtu asiyelipa. (Sina ushahidi. Ila mwangalieni aliyekaa katikati.)

Halafu chakula kiwe kabla ya sinema. Hili nilichelewa sana kuligundua. Filamu haimsubiri mtu, ubwabwa unasubiri. Mtu wa Mbezi akichelewa dakika arobaini atakuta sahani yake imefunikwa, atakula haraka, na ukumbini mtaingia pamoja. Na kwa kuwa mnakula saa 8 mchana mkitokea sokoni na kwenye kufua, hakuna anayejisikia tajiri. Kamba ni chakula cha usiku. Mchana mtu mwenyewe tu anaagiza wali kuku.

Katikati hapo kuna miezi mingi sitaisimulia. Tulijaribu, tukashindwa, kundi likabaki na watu wanaotuma sala za asubuhi, nikajitoa, nikaanzisha jingine.

Ila kuna kitu nataka niwaambie wadada wenzangu na makaka mnaonisoma, na mnisamehe nikiwa mkali. Mnajifungia ndani wikiendi nzima na pazia mmeshusha, mnaangalia wenzenu kwenye simu, halafu Jumatatu mnasema Dar haina marafiki. Marafiki wapo. Hamtaki kuwa wa kwanza kusema siku, saa na bei. Kila mtu anasubiri mwenzake apange ili yeye awe mgeni. Na wengine mnaosema hamna hela, hela ya bando la kuangalia starehe za watu mnaipata wapi?

Mimi nimekulia Temeke. Sinema yangu ya kwanza ilikuwa kibanda umiza: bati, turubai, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza, na mkanda uliotafsiriwa na Lufufu, yule aliyewafanya Wachina wapigane kwa Kiswahili. Tulikuwa tunachanga sarafu nje kabla ya kuingia. Mwenye kibanda alikuwa anasimama mlangoni na kopo, hana mchezo. Ukikosa unachungulia kwenye tundu la bati mpaka akuone akumwagie maji. Kumbe nilikuwa najua tangu nina miaka tisa. Shule, ofisi na viti visivyo na mgongo vikanisahaulisha.

Na Coco usiidharau. Mihogo ya kukaanga, kachumbari, pilipili ya kukutoa machozi, dafu la kuzimia moto. Unalipa pale pale unapopewa, kwenye karatasi, muuzaji kashika kisu. Hapo hata shoga yangu asingeweza kuondoka.

Jumapili iliyopita tulikaa mchangani mpaka jua likazama, mwalimu wa hesabu anatusomea matumizi ya wikiendi kwenye simu, senti kwa senti, sisi tunamzomea. Ilibaki 4,000. Tukabishana dakika kumi za nini. Tukanunua mihogo mingine, tukampa na mtoto aliyekuwa anauza karanga kipande chake.

Kwa hiyo mdogo wangu mwenye kundi la watu 19, wachukue watano wanaolipa nauli zao bila kelele, uwaanzishie kundi pembeni, na uwatangazie hela kwanza. Wale 13 waache wapange. Wanapenda kupanga.

Mwezi ujao sisi tutakuwa na nafasi moja, mwenzetu kahamishiwa Dodoma. Wameshaniomba watatu. Shoga yangu hayumo, ila juzi aliangalia picha zetu za Coco zote, moja baada ya nyingine, nililiona jina lake. Akiniandikia nitampa namba ya mwalimu. Mwisho ni Alhamisi saa 2 usiku.