Mazabodi kwa kadi za DSP: fuata njia ya sloti kabla hujatoa hela

Mkuu, nimesoma swali lako. Umepata kadi mbili za DSP za mtumba, yaani kadi za ndani ya kompyuta zinazochakata sauti badala ya prosesa: UAD-2 ya PCIe (sloti ya kisasa) na PowerCore ya zamani ya PCI (sloti ya kizamani), uko Makorora hapa hapa Tanga, na unataka mazabodi moja, bodi kuu ya kompyuta, itakayozibeba zote bila sauti kukwaruza. Waliotangulia wamekwambia utafute prosesa kali na rami ya kutosha. Si ushauri mbaya, ila sio utakaokutoa. Nimekaa na kadi za aina hii tangu studio yangu ikiwa chumba kimoja Ngamiani, na hela niliyopoteza kwenye mazabodi ingenitosha kununua maiki nzuri mbili. Kilichonigharimu ni kutojua sloti inaelekea wapi. Ukiitazama kwa juu unaona sehemu ya kuchomeka kadi tu, huoni inapitia wapi hadi ifike kwenye prosesa.

Ngoja nikupe mkasa wenyewe. Tulikuwa tunarekodi wazee wa taarab. Tanga hii, tangu enzi za Black Star na Lucky Star, mtu akishika fidla anajua anachofanya, na masikio ya wazee hayadanganyiki. Nilikuwa nimenunua mazabodi mpya kabisa, ya watu wa magemu, na nikaichagua kwa sababu moja: ilikuwa na sloti mbili za PCI. Kadi yangu ya DSP ya PCI ikatambulika mara ya kwanza, draiva zikaingia, nikafurahi. Tukarekodi mpaka saa tano usiku. Nilipoweka plagini za kadi, yaani programu za athari za sauti kama rivabu (mwangwi) na kompresa (kubana sauti), kwenye fidla, ngoma na sauti ya mwimbaji, ikaanza. Tik. Inapita mistari miwili, tik tena. Mzee wa fidla akavua miwani, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huo mlio ni wa fidla yangu?" Nikamwambia hapana mzee, ni wa mashine. Akasema, "Basi itibu, maana mimi sikupiga hivyo." Nililisikia neno lile wiki nzima.

Nikabadili nyaya, hakuna. Nikaongeza bafa, yaani kipande cha sauti kinachochakatwa kwa mkupuo mmoja, kutoka sampuli 128 hadi 512, tik zikapungua lakini hazikuisha. Nikaondoa plagini moja moja: zikiwa nne kushuka chini, kimya; zikifika sita, tik zinarudi. Siku ya nne nikafungua kasha, nikawasha tochi ya simu na kuilaza karibu na sloti za PCI. Pembeni yake palikuwa na chipu ndogo ya mraba, kama ukucha wa kidole gumba. Hapo ndipo nilipoelewa. Sloti zile hazikuwa za chipseti, ile chipu kuu ya mazabodi. Zilikuwa zinaingia kwenye kachipu kale, kanageuza lugha ya PCI kuwa ya PCIe, ndipo safari iendelee. Ni daraja. Na daraja lile sloti zote mbili zililipitia pamoja.

Sasa elewa kwa nini daraja linaumiza kadi ya DSP na haliiumizi kadi ya mtandao. Wengi wanadhani shida ni wingi wa data. Piga hesabu: chaneli moja kwa 48 kHz, kila sampuli ikiwa baiti 4, ni kilobaiti 192 kwa sekunde. Chaneli 64 kwenda na 64 kurudi hazifiki megabaiti 25. PCI ya kawaida, biti 32 kwa 33 MHz, inabeba megabaiti 133, na leni moja, yaani njia moja ya data, ya PCIe ya kizazi cha kwanza inabeba 250 kila upande. Nafasi ipo tele. Kinachokosekana ni wakati. Bafa ya sampuli 128 kwa 48 kHz ni milisekunde 2.67. Ndani ya muda huo sauti iende kwenye kadi, ichakatwe, irudi, na bafa inayofuata iwe mlangoni. Kadi ya mtandao ikichelewa milisekunde tano hakuna atakayejua. Sauti ikichelewa, umesikia tik, na mteja naye kasikia.

Kadi ikitaka kuhudumiwa hupiga hodi kwa prosesa. Kwenye PCI ya zamani milango hiyo, yaani IRQ, ni michache, na kadi yako inaweza kuwekwa mlango mmoja na USB au kadi ya picha. Wote wakibisha pamoja, mmoja anasubiri. Ukiongeza na daraja lisilopeleka hodi kwa wakati, hata prosesa yenye kori nane haikusaidii kitu, kwa sababu muda mwingi imekaa inangoja.

Ndiyo maana kwa kadi ya PCI nakwambia tafuta mazabodi ambayo PCI imo ndani ya chipseti yenyewe. Upande wa Intel za mezani, kizazi cha mwisho ni kile cha mfululizo wa 7, cha 2012, na si zote: B75, Q75 na Q77 zinayo; Z77 na H77 hazina, na ukiona sloti ya PCI kwenye hizo mbili ujue kuna daraja. Kuanzia mfululizo wa 8 Intel waliiondoa kabisa. Habari njema ni kwamba Q77 imejaa kwenye kompyuta za maofisi zinazoletwa za mtumba. Mimi yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile ya mnara, niliitoa Kariakoo. Sisitiza mnara, ile nyembamba sloti zake ni fupi, kadi ya urefu wa kawaida haisimami ndani. Kadi ile ile iliyonitesa wiki nzima niliihamishia humo, nikafungua rekodi ya mzee, plagini kumi na moja, bafa 128. Kimya. Nilimpigia simu usiku ule ule aisikilize.

Kuhusu UAD-2 yako mambo ni mepesi zaidi, ila yana mitego yake. Kadi hiyo inatumia leni moja tu, na PCIe inarudi nyuma bila shida: kadi ya kizazi cha kwanza inakaa kwenye sloti ya kizazi cha nne. Kadi fupi inaingia pia kwenye sloti ndefu. Kwa hiyo kama prosesa yako ina picha ndani yake na hufanyi magemu, acha kadi kubwa ya picha, na ile sloti ndefu ya juu kabisa uipe kadi ya sauti. Sloti hiyo kwa kawaida inakwenda moja kwa moja kwenye prosesa. Zile fupi za chini mara nyingi zinapitia chipseti, na huko zinagawana njia moja na diski za SATA, USB na mtandao. Siyo kwamba hazifanyi kazi. Wengi wanazitumia vizuri. Ila kama una nafasi ya kuchagua, kwa nini uiweke kadi kwenye foleni?

Mtego wa pili ni M.2, ile sloti ndogo ya SSD. Mwaka fulani niliongeza SSD ya pili, nikawasha, kadi haipo. Nikaitoa kadi, nikaifuta, nikairudisha, haipo. Nilikaa siku mbili nikiamini imekufa. Jibu lilikuwa kwenye kitabu cha mazabodi, kwa maandishi madogo chini ya jedwali: ukijaza M.2 namba mbili, sloti ya chini inazimwa. Leni ni zile zile, zinagawanywa. Mazabodi nyingi za sasa ziko hivi. Kwa hiyo kabla hujalipa, tafuta kitabu cha modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, ni bure, uende ukurasa wa sloti usome mpaka maelezo ya chini. Usimuulize muuzaji, anajua bei, hajui leni.

Ukishafunga, ingia BIOS, ile mipangilio ya mazabodi kabla Windows haijawaka, uzime kuokoa umeme kwa njia ya PCIe, yaani ASPM, na kule kulala kwa prosesa kunakoitwa C-states. Vinafaa kwenye laputopu. Kwenye studio vinaifanya mashine isinzie katikati ya wimbo. Halafu pakua LatencyMon, programu ya kupima ni draiva ipi inachelewesha mashine, iache ikimbie dakika ishirini huku unapiga mradi mzito. Ikikuonyesha draiva ya waifai ndiyo inayoshika prosesa, na mara nyingi ni hiyo, izime wakati wa kurekodi. Na jua kwamba UAD yenyewe inaongeza ucheleweshaji wa bafa mara mbili. Kwa 128 ni kama milisekunde 5.3. Programu yako ya kurekodi inalifidia hilo wakati wa kuchanganya, lakini mwimbaji akijisikiliza kupitia plagini hizo ataona amechelewa. Usiilaumu mazabodi kwa hilo.

Na sisi wa pwani tuna la kwetu. Hewa ya chumvi inakula meno ya kadi. Nina rafiki ana chumba upande wa Raskazone, kadi yake ilikuwa inapotea kila baada ya mwezi. Tulipoitoa, meno ya dhahabu yalikuwa na utando wa kijani kwenye kingo. Tulisugua kwa kifutio cha penseli, polepole, kuelekea nje, tukapangusa na spiriti safi ya isopropili, ikarudi. Sloti ambazo hazitumiki zifunike, na kila miezi mitatu fungua utazame.

Sasa swali lako lenyewe, mazabodi moja kwa kadi zote mbili. Jibu langu ni hapana, na nakwambia kwa moyo mmoja. PowerCore iliachwa zamani, draiva zake ni za zama za Windows 7. Programu za sasa za UAD zinataka Windows 10 au 11. Ukizilazimisha kuishi pamoja, moja itakuwa mgonjwa siku zote. Ipe PowerCore mnara wake wa Q77, usiuunganishe na intaneti, utumie kupitishia sauti tu. UAD-2 ipe mazabodi mpya. Kama hela haitoshi kwa mashine mbili, iuze PowerCore, ingawa najua rivabu zake zilivyo tamu.

Halafu kabla ya yote, aliyekuuzia UAD-2 ameitoa kwenye akaunti yake? Leseni za plagini zinafungwa na kadi, na uhamisho unapitia Universal Audio wenyewe. Kama bado, mtafute leo, kabla hajabadili namba. Mazabodi inaweza kusubiri. Ukishapata modeli unayoifikiria, andika jina lake hapa na ubandike picha ya ule ukurasa wa sloti, tutausoma pamoja.