Hapana, kuchemsha maji hakuondoi madini ya risasi
Umeuliza kama kuchemsha maji ya shule kunatosha kuondoa risasi, yale madini yenye sumu. Kunaua vijidudu, lakini madini ya risasi yanabaki palepale, tena maji yakipungua kwa mvuke yanazidi kukolea. Madini hayo hayana rangi, ladha wala harufu, kwa hiyo ni lazima kupima maabara. Sampuli ichukuliwe asubuhi kabla bomba halijafunguliwa, maji yakiwa yamelala humo usiku kucha. Ukiyaacha yatiririke kwanza, majibu yatakudanganya. Na kila bomba lipimwe peke yake, maana koki moja ya zamani yaweza kuwa ndiyo chanzo. Shirika la Afya Duniani linataja kikomo cha mikrogramu 10 za risasi kwa lita ya maji, ila kwa ubongo wa mtoto hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Risasi ikizidi kikomo hicho, fungeni bomba hilo siku hiyohiyo.